Uji Usio na Chumvi

"Ningejuaje kuwa leo unasema kweli?" Siwema alimkatiza. "Umefungua mdomo tu, ukaniita mtani. Ukishaniita mtani, nikuamini kwa lipi?"

"Ulitaka nikuiteje, mheshimiwa?" Nkwabi alikuwa bado amevaa fulana ya baridi, ile yenye mifuko ya uji wa barafu kifuani na mgongoni, lakini mifuko yote ilikuwa imeshayeyuka na maji yakimchuruzika hadi viatuni. Alikuwa amekuja kwa pikipiki kutoka mnara wa kuchotea maji ya bahari, safari ambayo mtu mwenye akili timamu haifanyi mchana wa mfuniko, msimu wa joto linaloua. "Miaka yote nakuita mtani. Leo limegeuka tusi?"

"Ulisema, 'Mtani, maji yenu yamekuwa ya kunawia mikono, wajomba zako Waluguru wameyamwagia ndoo.' Hiyo ndiyo taarifa? Ndivyo tulivyofundishwa chuoni, mimi na wewe, dawati moja?"

"Halafu nikakutajia kipimo. Nikasema chumvi imeshuka hadi theluthi. Ukacheka. Ukaniambia nikachunge ng'ombe."

Kweli, ndivyo Siwema alivyomwambia. Tena alimwambia redioni, huku akimalizia muhogo wake wa asubuhi, na vijana wa zamu walicheka pamoja naye. Nani hakucheka? Mwezi uliopita huyu huyu Nkwabi alipiga redio akisema kiboko ameingia kwenye mdomo wa bomba la bahari. Siwema alisimamisha pampu zote, akatoka mbio na walinzi na debe la kupigia kelele, wakamkuta Nkwabi amekaa ukutani anatafuna michembe, viazi vikavu vya kwao, machozi ya kicheko yakimtoka. Kiwanda kilimpa Siwema onyo kali. Mji mzima wa Ras Ngome ulimwita Mama Kiboko. Kati ya Mzaramo na Msukuma jambo kama hilo haliwekewi kinyongo, hulipwa tu, na Siwema alililipa: Ijumaa iliyofuata alitangaza mabandani kwamba Nkwabi amefiwa na mke, na watu walipokwenda kumpa pole wakaambiwa mke mwenyewe ni ng'ombe. Wakawa wamemalizana. Mzaha mzaha hutunga usaha, lakini nani alikumbuka methali ile siku ile?

"Kwani mvua imenyesha wapi?" Siwema aliuliza, sauti imeshuka kidogo. "Hapa hatujaona wingu."

"Uluguru. Imepiga huko juu, Ruvu umefurika, na maji yote matamu yamemwagika mbele ya mnara wangu. Na leo ni maji mafu, bahari haina nguvu ya kuyasukuma. Ingekuwa bamvua, bahari imejaa, tusingekuwa hapa tunagombana."

Kabla Siwema hajasema neno, mbuzi ya tatu ilipiga kelele.

Mashine zile wafanyakazi waliziita mbuzi kwa sababu kazi yake ilikuwa ya mbuzi ya nazi. Kila moja ilikuwa pipa la chuma lenye ukuta uliopozwa kupita kiasi. Maji ya bahari yalipita ndani, yakaanza kuganda ukutani, na visu vilivyokuwa vikizunguka vikaikwangua barafu ile ingali changa, haijapata unene wa karatasi. Kilichotoka hakikuwa barafu ya kupigwa nyundo. Kilikuwa uji mweupe wa chembe ndogo zinazoelea ndani ya maji ya chumvi, uji unaokubali kusukumwa na pampu, unaopita chini ya barabara, ukapanda ndani ya kuta na mapaa ya mabanda matano, ukanywa joto la watu, ukarudi kiwandani ukiwa maji. Siri yake ilikuwa chumvi. Chumvi ndiyo iliyozitenga chembe zisishikane. Maji yakikosa chumvi, uji unafanya mabuje kama uji wa mpishi mvivu, mabuje yanashikana yanakuwa madonge, na donge likifika kwenye kona ya bomba linakaa hapo kama tonge la ugali kooni.

Siwema alikimbilia dirisha la kioo. Kisu cha mbuzi ya tatu kilikuwa kinasuasua. Ukuta wa pipa ulikuwa umeota barafu ngumu, ya kioo, barafu ya maji matamu. Ya nne ilianza kuguna.

"Zima ya tatu," alisema. "Punguza ubaridi wa nne na tano. Bwawa la kutulizia linasemaje?"

"Bwawa lote limeshakuwa tamu," kijana wa zamu alijibu. "Sasa hivi ndiyo kipimo chetu kimeona."

Ndivyo mambo yalivyopangwa. Maji yalilala bwawani nusu siku kuacha mchanga kabla ya kuingia mashineni, kwa hiyo kipimo cha kiwandani kilikuwa cha kuthibitisha tu. Wa kuonya alikuwa mtu wa mnarani. Angeonya, Siwema angefunga lango la bwawa na kuyatumia yale ya chumvi yaliyokuwamo hadi mto upungue. Na mtu wa mnarani alionya.

"Presha ya bomba kuu inapanda," kijana alisema tena. "Banda la Nne joto limeanza kupanda na lenyewe."

Siwema hakuhitaji kuambiwa maana yake. Mfuniko ulikuwa umeingia wiki ya pili, kile kipindi ambacho hewa ya pwani inashiba maji hadi jasho linakosa pa kwenda, linabaki mwilini kama mafuta. Mtu mzima mwenye afya yake hukaa kivulini, hafanyi kazi yoyote, na jua likizama anakutwa ameshakufa. Siku hizo mji wote huingia mabandani asubuhi na kutoka usiku. Banda ni zuri likiwa na baridi. Likikosa baridi, lile zege, yale madirisha yaliyozibwa na zile pumzi za watu mia kadhaa huligeuza tanuri.

Katika Banda la Nne walikuwemo mama yake, Bi Mwatabu, na binti yake Zuhura.

*

"Chumvi ya magunia?" Nkwabi aliuliza.

"Iliyopo haitoshi hata kupikia msiba."

Walikuwa wamesimama mbele ya ramani ya mabomba. Ugomvi ulikuwa umekwisha bila kusuluhishwa, kama ugomvi wa watu wanaobeba kitanda kimoja.

"Basi unajua kilichobaki," Nkwabi alisema.

Siwema alijua. Barafu ikiumbwa huifukuza chumvi, haina haja nayo. Maji yaliyozidiwa chumvi, yale ya kutupwa, kiwanda kiliyaongoza kwenye bwawa la nyuma lililoitwa Machungu. Huko kulikuwa na chumvi kali kuliko bahari. Valvu moja, ile nyekundu ukutani, ingeyarudisha Machungu ndani ya maji matamu. Nusu saa tu, uji ungelainika, madonge yangeyeyuka, mabanda yote matano yangepona, hadi mto ushuke usiku.

Tatizo lilikuwa dawa ya kome. Bomba la kutolea maji lilikuwa linazibwa na kome kila mwaka, na kiwanda kilimwaga dawa Machungu ili wasiote. Mwaka jana bata wa mlinzi waliingia kwenye bwawa lile, wakaogelea kwa furaha yao yote, wakanywa. Jioni mlinzi aliwaokota mmoja mmoja, shingo zimelegea kama soksi.

Kwenye ramani, hilo halikuwa tatizo. Uji haunywewi. Unatoka, unazunguka, unarudi. Lakini ramani ilichorwa na mtu ambaye hakuwahi kushinda bandani na mtoto mwenye kiu.

Maji ya kunywa mabandani yaligawiwa kwa kadi, kikombe kimoja kwa kutwa, na mwenye zabuni ya maji ndiye aliyeamua ukubwa wa kikombe. Mfuniko wa mwaka juzi, Siwema aliwaona mapacha wa jirani yake wakitolewa bandani wamefunikwa shuka moja. Hawakuuawa na joto. Walikuwa kwenye baridi safi. Walikauka. Wiki ile ile yeye na Nkwabi walizunguka na msumeno nyuma ya kila banda, mahali ambapo wajenzi waliacha koki ndogo za kupimia uji kisha wakaziziba kwa chuma. Walizizibua zote. Hawakumwambia mtu yeyote zaidi ya wasimamizi wa mabanda.

Wanawake hawakuhitaji kufundishwa. Waliukinga uji kwenye kanga iliyokunjwa mara mbili, wakaukamua kama tui, maji ya chumvi yakatoka, kikabaki kifumba cha barafu safi. Kikiyeyuka kwenye sufuria ni maji ya kunywa yenye ukakasi kidogo. Tangu hapo hakuna mtoto aliyetolewa amefunikwa shuka.

"Kanga haichuji dawa," Siwema alisema. "Barafu yenyewe ingekuwa safi, lakini yale majimaji yanayobaki katikati ya chembe yanatosha. Hawana maji ya kuisuuza."

"Mtu mzima atatapika."

"Na mtoto?"

Nkwabi aliangalia viatu vyake vilivyolowa. "Ngoja niwaambie," alisema. "Kimya kimya."

Simu zilikuwa zimekufa tangu saa nne, kama kila siku ya mfuniko, minara ikizidiwa na joto. Ilibaki redio ya kiwanda, na redio ya kiwanda ilisikika hadi makao makuu, neno kwa neno. Nkwabi alishusha pumzi, akabonyeza.

"Banda la Nne, Banda la Nne, mtani wenu anaita."

"Nani, Msukuma?" Ilikuwa sauti ya Bi Siajabu, msimamizi wa banda, mwanamke aliyeweza kunyamazisha watu mia tatu kwa kukohoa. "Mbona hapa panaanza kuwa na fukuto? Umelala juu ya bomba letu?"

"Linashughulikiwa, shangazi. Nina ujumbe mwingine. Leo zile kanga zenu zipumzike."

"Kanga zipi?"

"Zile za uani. Zipumzike hadi nitakapowaambia. Leo zitaleta ugonjwa wa tumbo."

Kicheko kikalipuka, kwanza cha Bi Siajabu, halafu cha waliokuwa karibu naye. "Jamani njooni msikie. Mwezi uliopita kiboko, leo tumbo. Msukuma, umekosa wa kumtania? Unataka Wazaramo tufe kwa kiu uoe wajane?"

"Shangazi, nasema kweli."

"Hata kiboko ulisema kweli. Uliapa hata kwa mama yako."

"Shangazi, usinywe..." Nkwabi alijiuma ulimi. Neno moja zaidi na makao makuu wangeuliza, asinywe nini.

"Nisinywe pombe? Sijaanza. Haya, rudi kwa ng'ombe wako, tuna watoto hapa wanalia." Redio ikakata.

Nkwabi aliiweka redio mezani taratibu, kama kitu kilichomuunguza.

"Nimesema kwa upole wamecheka. Nimesema kwa kusisitiza wamecheka," alisema. "Hata nikienda mwenyewe na pikipiki wataniuliza kiboko yuko wapi. Ukienda wewe watakuuliza mke wangu ng'ombe."

"Usijilaumu peke yako," Siwema alisema. "Mimi nina diploma na nilicheka."

*

Mhandisi Lutengano, mkuu wa kiwanda, aliingia bila kubisha. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililomchosha Siwema siku zote. Alikuwa anawajua wafanyakazi wake kwa majina ya watoto wao. Alikuja kwenye misiba akakaa chini kwenye mkeka kama watu wengine. Aliangalia skrini, akaangalia mbuzi mbili zilizosimama na ya tano iliyokuwa ikikoroma, akaelewa yote bila kuuliza.

"Mama Zuhura. Kwa nini Machungu hayajafunguliwa?"

"Yana dawa ya kome, Mhandisi."

"Dawa inaharibu bomba?"

"Haiharibu."

"Inaharibu mashine?"

"Haiharibu."

"Basi?"

Lutengano aligeuka kwa vijana wa zamu. "Nyie, nendeni mkagonge barafu ya pipa la tatu." Wakatoka. Nkwabi hakuambiwa atoke, na Siwema akagundua kuwa hilo nalo lilikuwa na maana.

"Uji wetu unazunguka ndani ya kuta," Lutengano alisema polepole. "Hakuna kinywa kinachouonja. Ramani ninayoijua mimi haina koki."

Hakuna aliyekuwa ametaja koki.

"Unapotembelea mabanda unaona watoto," Siwema alisema. "Kikombe kimoja, kutwa nzima. Hujawahi kujiuliza kwa nini siku hizi hawafi?"

"Sijawahi. Na nakuomba usinijibu." Alivuta kiti, akakaa, akajifuta shingo. Alionekana mzee ghafla. "Nisikilize, dada yangu. Mtu akinijibu, nitakuwa nimejua. Nikijua, kabla jua halijazama mafundi watakuwa wamechomelea kila kitu cha kuchomelewa, kwa sababu mwenye zabuni ya maji hana huruma na wenye kiwanda wanamwogopa. Nisipojua, kesho itakuwa kama jana. Wiki sita za mfuniko bado ziko mbele. Unafahamu ninachokulinda nacho?"

"Na leo?"

"Leo watu watatapika. Mfuniko hutapisha watu kila siku."

"Watoto hawataishia kutapika."

"Huna hakika."

"Sina. Wala wewe."

"Nina hakika na hili." Alinyoosha kidole kwenye skrini. Mstari wa Banda la Nne ulikuwa umevuka rangi ya njano. La Pili lilikuwa linaufuata. "Usipofungua, hawa watapikwa wakiwa wazima. Ukifungua na kutangaza, umewanyang'anya maji ya wiki sita. Ukifungua na kunyamaza, wachache wataugua, wengi wataishi, na uani kutaendelea kama kawaida. Hesabu ni ya darasa la pili."

Siwema aliipiga hesabu ile. Angekuwa mwongo kusema hakuipiga. Aliwaona mapacha na shuka lao. Akaona koki zimezibwa kwa chuma kipya, kanga zimekauka kwenye kamba, mfuniko wa wiki ya tatu, ya nne. Kila upande wa mizani ulikuwa na mtoto wa mtu.

Lutengano aliinama mbele, akashusha sauti, na alilolisema alilisema kwa wema. "Gari langu lina kipoza hewa. Dereva yuko mlangoni. Atawachukua mama yako na Zuhura sasa hivi, wakae kwangu hadi kesho. Mke wangu ameshapika."

Kwa muda mfupi Siwema hakuona chochote isipokuwa gari lile. Aliona Zuhura ameegemea dirisha, mdomo wazi, akishangaa barabara tupu. Aliona sufuria la wali la watu wengine. Alikuwa ameshafika kwenye kumvua viatu mwanawe barazani kwa Mhandisi, aliposikia Nkwabi akiguna.

"Sema," Siwema alimwambia.

"Sina la kusema. Mimi ni mtani, nikisema mtacheka." Nkwabi hakuwa anatabasamu. "Ila mtani ndiye anayeosha vyombo vya msiba, Siwema. Nitakuwepo nikiviosha."

Tangu wajuane, ilikuwa mara ya kwanza kumwita jina lake.

"Gari lako lina viti vingapi, Mhandisi?" Siwema aliuliza.

"Usianze."

"Vinne, ukimtoa dereva. Mama akae mbele, Zuhura nyuma. Vinabaki viwili. Utanisaidia kuchagua?"

"Mama Zuhura, mimi sikuja kugombana."

"Wala mimi." Alisimama. "Mwenye kiu anajua ana kiu. Atalia, atapiga mlango, siku ya tatu atauvunja na kumfuata mwenye zabuni nyumbani kwake, na mimi nitakuwa nyuma yake na msumeno. Lakini mtu aliyenyweshwa sumu na mikono anayoiamini, atamlilia nani? Mama yangu atamkamulia Zuhura kanga ile kwa mkono wake. Kesho nimwambie nini? Kwamba mkono wake uliisaidia hesabu?"

"Ukishika kipaza sauti hicho, siwezi kukuokoa."

"Hujaniokoa na chochote. Umenikopesha kiti cha gari."

Kipaza sauti kilikuwa kwenye ukuta, kando ya valvu nyekundu, na waya wake ulikwenda kwenye mabanda yote matano, na makao makuu, na kwa yeyote mwingine aliyelipia kusikia. Siwema alibonyeza kitufe. Alipumua. Alijua sauti yake ingekwenda na kelele za mbuzi nyuma yake, na aliongea kama anavyoongea nyumbani akitaka kitu kifanyike.

"Hapa ni Siwema Pazi, binti wa Mwatabu, fundi wa zamu. Mnaosikia mwambieni asiyesikia. Koki za nyuma ya mabanda nilizifungua mimi, kwa mkono wangu. Kuanzia sasa msikinge uji, msikamue, msinywe, hata kama mmeukinga muda si mrefu. Umwageni, maana hakuna atakayeutofautisha na wenye dawa. Naweka maji ya Machungu ndani ya bomba ili mpate baridi, na Machungu yana dawa inayoua. Mtoto asilambe kanga. Asilambe hata vidole. Baridi itarudi, kiu itabaki. Aliyebaki na maji ya kadi ampe mtoto, awe wake au wa mwenzake. Na huyu Msukuma aliyewaambia kabla yangu alikuwa anasema kweli. Tangu asubuhi alikuwa anasema kweli. Tulicheka sisi."

Nkwabi alisogea, akanyoosha mkono kuelekea kitufe. "Na mimi nili..."

Siwema alizima. "Wewe hukufanya lolote," alisema. "Mmoja anatosha kufukuzwa. Lazima abaki mtu anayejua kupima chumvi. Shika hapa."

Walishika gurudumu la valvu pamoja, mikono minne. Lilikuwa na kutu; lilikataa, likaguna, likakubali. Chini ya sakafu Machungu yaliingia kwa mngurumo mzito, na mbuzi ya tano, iliyokuwa ikikoroma, ikabadili sauti. Presha iligota, ikatetemeka, ikaanza kushuka.

Lutengano alikuwa bado kwenye kiti. Alichukua redio ya Nkwabi kutoka mezani. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayesoma tangazo la msiba.

"Karakana. Chukueni mashine ya kuchomelea. Mabanda yote, upande wa nyuma. Anzeni na la Nne."

Siwema alikuwa ameshageukia skrini ya kamera. Banda la Nne lilikuwa limesimama wima, watu wote, kama swalani. Bi Siajabu alikuwa anapita kati yao akipindua sufuria, moja baada ya nyingine, na safari hii hakucheka wala hakukohoa. Kwenye kona ya ukuta, Bi Mwatabu alishika kanga yake iliyojaa, kifumba cheupe kikubwa alichokuwa amekikamua kwa ajili ya mjukuu. Alikitazama. Akakiachia, kikasambaa sakafuni.

Zuhura alichuchumaa, akaweka kiganja juu ya barafu, akakipeleka mdomoni. Bibi yake akampiga mkono ule kofi ambalo hakuwahi kumpiga maishani mwake.